Yah: Mjukuu Wangu Kugeuzwa Homoni

Kwa Mkunga Mkuu, Bi. Seynabou Badji,
Kituo cha Afya cha mtaani kwetu,
Rufisque.

Mheshimiwa Mkunga,

Amani iwe kwako na kwa wauguzi wako wote, hata yule wa dirishani aliyenisonya. Natumaini u mzima wa afya. Mimi si mzima, na sababu ni wewe.

Naitwa Thioro Mbengue. Ni shangazi yake Mbayang, yule binti mwenye mwanya, wa miaka ishirini na miwili, aliyefika kwako Jumatatu ya pili baada ya Idi pamoja na mumewe Birane, fundi wa majokofu. Utanikumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa nimekalia kiti cha mgonjwa.

Ili uelewe ukubwa wa kosa lako, inabidi nikueleze jinsi mambo yalivyokuwa kabla hujayaharibu. Tunaishi ua mmoja, wanawake tisa, na chumba cha Hajjati Nogaye, mama yake Birane, kinatazamana na changu. Kila Ramadhani tunajua nani yuko katika siku zake bila kuulizana, kwa maana ndiye anayeonja chumvi ya mchuzi wa futari. Leo anaonja huyu, kesho yule. Mwaka huu Mbayang hakuonja hata mara moja. Alifunga siku zote thelathini, mfululizo, kama imamu. Siku ya ishirini na tano nilimtazama Hajjati, Hajjati akanitazama, tukacheka mpaka tukapaliwa na tende. Mke aliyeolewa miezi minane tu, hana deni la saumu hata la siku moja! Tulihitaji ushahidi gani mwingine? Asubuhi ya Idi nikatangaza mimba.

Ni kweli kwamba Mbayang alijaribu kuniambia kitu. Mara ya kwanza nilikuwa nasali, mara ya pili nilikuwa natangaza.

Basi yafuatayo ni malalamiko yangu. Nimeyapa namba ili usipate pa kujificha.

1. Ulituambia hivi, na nayanukuu maneno yako kwa sababu hayajanitoka kichwani: "Shangazi, nimepima mkojo, nimepima damu, nimeangalia kwa mashine. Hamna mimba. Homoni zake zimevurugika, ndiyo maana siku zake hazieleweki." Mkunga, mimi nilikuja na mjukuu, nikarudishwa na homoni. Nitaingiaje nazo uani? Mtoto unambeba mgongoni. Homoni nizibebe wapi?

2. Hajjati alipolisikia neno hilo aliuliza, "Hizo homoni ni za ukoo gani?" Nikasema sijui. Akasema, "Kwetu hazipo. Nimezaa saba, sijawahi kuiona hata moja. Zimetoka kwenu." Sasa ukoo wa Mbengue, ambao umetoa makadhi wawili na mcheza mieleka mmoja, unasemwa mtaani kwamba una homoni.

3. Hajjati alikuwa amekwisha nunua kondoo wa kumpa mtoto jina. Yuko uani mpaka sasa. Amekula shuka mbili, kitambulisho cha Birane na nusu ya kanzu iliyokuwa kwenye kamba. Hatuwezi kumchinja kwa kuwa hakuna aliyezaliwa, na hatuwezi kumuuza kwa kuwa Hajjati anasema kumuuza ni kukata tamaa. Nauliza kwa heshima: je, kituo chako kina uwanja?

4. Siga, mwimbaji wetu wa sifa, alikuwa amekwisha mtungia mtoto nasaba mpaka babu wa saba, na watu walilia. Nilipompelekea habari aliweka mikono kiunoni. "Thioro dada yangu, sasa nimwimbie nani? Nisimame mbele za watu nisifu homoni?" Nakuomba unitumie jibu la kumpa.

5. Wali. Ulimwambia mtoto wangu apunguze wali mweupe, apunguze sukari kwenye chai, na juisi ya choya ainywe bila kutiwa sukari mpaka kijiko kisimame. Mkunga, mpishi wa ua huu ni mimi. Nimepika wali wa samaki miaka thelathini na hakuna homoni iliyowahi kulalamika. Siku hizi Mbayang anachota upande wa kabichi na karoti, ananiambia, "Samahani, Shangazi, ni maagizo." Maagizo! Kwenye sinia langu mwenyewe!

6. Ulimwambia atembee kila siku. Sasa anatembea ufukweni na raba miguuni, na mumewe yuko pembeni yake, wamevaa suruali za kufanana. Watu wanauliza wanakimbia nini. Jana Hajjati alimwambia Birane, "Mwanaume mzima, unamfuata mkeo kama mkoba." Birane akajibu, "Mama, njoo nawe, magoti yako yatapona." Hayo ndiyo matunda ya ushauri wako.

7. Namba saba nilikuwa nimeiandika vizuri, lakini kondoo ameila.

8. Hili ndilo kubwa. Ulimgeukia Birane ukasema, "Na wewe baba, ukipata nafasi, njoo upimwe. Mtoto anatafutwa na watu wawili." Kumpima mwanaume! Nilidhani atainuka atoke. Alisema, "Sawa, Mkunga. Ijumaa inafaa?" Nilipomsimulia Hajjati, alikaa juu ya ndoo ya maji. Ilikuwa imejaa.

9. Kwa sababu ya hayo yote, Jumapili Hajjati alikuja chumbani kwangu amevaa miwani yake ya mambo mazito. Akasema kuna binti wa binamu yake kule Mbour, mzuri, mcha Mungu, na siku zake zinakwenda kama saa, na kwamba Birane ana haki ya mke wa pili. Nilimuuliza hizo siku za binti wa Mbour amezijuaje. Akavua miwani akaanza kuifuta. Nikamwambia kwamba sisi hatukuozesha saa ya ukutani, tulimwozesha mtoto wetu, na kwamba akilitaja jambo hilo tena nitamfungulia kondoo chumbani kwake. Mbayang alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia kila kitu. Usiku huo hakula, hata upande wa kabichi. Hili pia naliweka juu yako, Mkunga, maana lazima niliweke juu ya mtu.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Kwanza, cheti chenye muhuri kisemacho kwamba mimba ilikuwapo ila imeahirishwa. Pili, uje mwenyewe uani siku ya Ijumaa baada ya sala, uwaambie wanawake wote kwa sauti ya kusikika kwamba homoni hazina ukoo. Tatu, kama mawili hayo yanakushinda, utupatie mtoto mmoja kabla ya sikukuu ya kuchinja. Wa kike au wa kiume, hatuchagui.

Nisalimie wauguzi wote, mfagizi, mlinzi wa getini aliyenishikia mwavuli, na mumeo, ambaye simjui lakini namwonea huruma. Wa kwetu wote wanakusalimu, isipokuwa Hajjati.

Ni mimi niliyekosewa,
Thioro Mbengue

Baada ya sahihi: Bahasha ilikuwa karibu kufungwa asubuhi hii, nikasikia Mbayang ananiita kutoka bafuni. "Shangazi! Shangazi, njoo!" Nilikimbia na ndara moja. Nikamkuta ameegemea mlango, anacheka na kulia kwa pamoja. Zimekuja, Mkunga. Baada ya miezi mitano, na vile vidonge vya siku kumi ulivyompa, zimekuja, siku ileile uliyomwambia. Nilipiga vigelegele kabla sijajua ninafanya nini. Milango yote ikafunguka. Siga akapiga kelele, "Mtoto?" Nikamjibu, "Hapana, damu!" nikapiga tena. Hajjati ameniuliza kama kichwa changu ki salama.

Sikumjibu, ila wewe nitakuambia. Nilipokuwa na umri wa Mbayang, zangu zilipotea miezi saba. Hakuna aliyenipeleka popote. Waliniogesha maji ya majani, wakasema nimerogwa, kisha mume wangu wa kwanza akanirudisha nyumbani adhuhuri, watu wote wako nje, godoro langu likiwa juu ya mkokoteni. Nilikuwa nafikiri ni mimi peke yangu duniani.

Basi malalamiko yote yafute, isipokuwa la wali. Jumanne nitakuja na wasichana wanne wa mtaa huu. Mmoja ni binti wa mwisho wa Hajjati, naye Hajjati hajui, kwa hiyo usimtaje. Wote wanasema siku zao hazieleweki, na wote wanaona aibu. Tuwekeeni benchi refu. Mbayang amenisihi nikifika huko nisizungumze mimi, niwaache waseme wenyewe. Nitajaribu.