Ahadi Niliyoitoa Angani Ni ya Nchi Gani?

Ndugu Mwanasheria wa Shirika la Ndege,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa, maana jambo lenyewe si la kusomwa mtu amesimama.

Mimi ni fundi redio na abiria wenu. Mwezi uliopita nilisafiri na mke wangu, aliyekaa dirishani, na mama mkwe, aliyekaa katikati yetu. Ndege ilipoanza kurukaruka kama lori lisilo na mzigo, nilimshika mama mkwe mkono nikamwambia, mke wangu akisikia: "Mama, tukitua salama, njoo ukae kwetu moja kwa moja." Akaitikia, "Amina, mwanangu." Tukatua salama. Sasa kitanda chake kiko kwenye chumba changu cha kazi, nami natengeneza redio za watu bafuni, nimekalia ndoo.

Naomba kujua ahadi ile inaongozwa na sheria ya nchi gani. Hoja zangu ni hizi:

1. Tiketi yenu, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, inasema mkataba utafuata "sheria ya nchi husika". Tiketi niliinunua mtaani kwetu, shirika limeandikishwa ng'ambo, ndege mmeikodi kwingine, na rubani, kwa lafudhi yake, ni wa kwingine tena. Husika ni ipi? Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa uraia, anasema ni ile anayoishi mama yake.

2. Kwenye ramani ya kiti cha mbele, picha ya ndege yetu ilikuwa imelalia mpaka. Yawezekana kabisa nilitamka katika nchi moja na mama mkwe akasikia katika nyingine.

3. Mke wangu anadai sheria ya nchi hupanda mpaka juu. Inapandaje? Jirani wa ghorofani hutumwagia maji ya kufulia, na mwenye nyumba anasema hana la kumfanya. Sheria iliyoshindwa ngazi itafika mawinguni?

4. Taa ya mikanda ilikuwa inawaka. Mkataba wa mtu aliyefungwa kitini kwa amri yenu ni mkataba wa mateka.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mturudishe sote watatu, viti vilevile, hadi palepale hewani, niitangue ahadi chini ya sheria ileile iliyoizaa. Mtikisiko si lazima. Mahali penyewe pakikosekana, rubani azunguke tu mpaka mama mkwe akiri amenisikia.

Nisalimie rubani, wahudumu wote, na yule dada aliyeninyang'anya chupa ya maji ukaguzini.

Wako mtiifu, ardhini,
Fundi Redio

Tanbihi: Barua hii nilimpa mama mkwe anikagulie maandishi, kwa kuwa ndiye mwenye miwani. Akasema hoja zina nguvu, akaanza kukunja nguo na shuka zake. Mke wangu haniongeleshi. Wanangu wananitazama kama mwizi. Mimi mwenyewe nimeingia kwenye kile chumba, nikaona godoro tupu, nikatoka nalia. Sikujua nimemzoea hivi. Nimemsihi sana, na amekubali jambo moja tu: hataondoka kabla hamjanijibu. Basi ndugu yangu, nakuomba, barua hii ishughulikieni kwa utaratibu wenu wa kawaida. Msinijibu.