Seli Zilizogoma Kufa

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa maabara ametangaza kwamba chumba cha virusi kinataka msimamizi. Ni mimi au Mama Barakoa, mwenzangu asiyevua barakoa hata akinywa chai (huisogeza pembeni). Kila mmoja atapewa chupa za seli, aoteshe humo virusi vya kuhara, vile vya kutengenezea chanjo ya watoto wachanga. Atakayevuna vingi ndiye. Nimemwambia mke wangu cheo ni changu. Sijamaliza kula, mama mkwe ameshapiga simu kunipongeza. Sasa hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata mbinu. Utaratibu unasema seli zioshwe seramu yote, yaani lishe yao, kabla ya kutiwa virusi. Roho mbaya tu. Nani anamwondolea mwenyeji chakula siku ya kupokea wageni? Nimesubiri Mama Barakoa atoke. Zangu sikuziosha. Nikaziongezea seramu. Zikishiba, zitazaa virusi vilivyoshiba. Nikatia virusi na kimeng'enya chake, nikafunga kabati la joto, nikaondoka napiga mluzi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechungulia kwenye hadubini. Zangu zimenawiri, zimejipanga kama vigae. Nilitamani kumwita mke wangu aone. Za Mama Barakoa zimesinyaa, zinabanduka, zinaelea ovyo. Najua virusi vikizaana huzipasua seli, lakini hizi zake zimewahi mno. Zangu bado zinalimbikiza. Nimempa pole. Akashukuru, mabega yakimtikisika. Nikajua ni majonzi.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Vipimo vimetoka. Chupa zake zimejaa virusi. Zangu, hakuna kitu. Mkuu ameuliza kama niliziosha. Nikasema kwa kiasi. Akaeleza, polepole kama anayemlisha mtoto uji, kwamba kimeng'enya hukata ganda la virusi ili vipate kuingia ndani ya seli, na seramu hukizima. Kwa hiyo virusi vyangu vimekaa mlangoni muda wote huo. Niliona aibu hadi masikio. Mama Barakoa akanitetea: alisema hajapata kuona seli nzuri namna ile. Mkuu akafikiri. Cheo kimekwenda kwa Mama Barakoa. Mimi nimepewa chumba cha kulelea seli changa, ambako lishe inatakiwa. Virusi nisivisogelee.

Jumatatu, 11 Machi
Chumba changu kina dirisha. Seli zinanielewa. Mke wangu amemwambia mama yake kwamba mimi sasa ni mlezi mkuu, na mama mkwe amefurahi kuliko mwanzo. Nina raha, sidanganyi.

Asubuhi Mama Barakoa alikuja kuchukua chupa zake za kutilia virusi. Akaziosha mwenyewe, akazipanga mezani, akaitwa na Mkuu. Nikaziangalia. Zilikuwa na njaa, mtu yeyote angeona. Na yule mama alinitetea. Nimezitilia seramu, kidogo kidogo, kila chupa. Sikumwambia, wema hautangazwi. Atajionea mwenyewe Alhamisi.