Mimi na Magazini Ndefu

Jumatatu, 10 Machi 2025

Leo tumeitwa kambi ya chifu hapa Angurai, sisi rizavu wazee, raia tuliopewa bunduki kusaidia polisi. Inspekta mpya ametoka Malaba. Binti, anaitwa Nanjala, rika la mjukuu wangu, buti zinang'aa kuliko sufuria za harusi. Amesema kwa adabu kwamba kila rizavu aliyepita miaka sitini apige shabaha Ijumaa. Atakayeshindwa arudishe bunduki na apewe cheti cha shukrani.

Cheti. Nimelinda ng'ombe wa watu na bunduki hii tangu huyo Nanjala hajazaliwa. Mwizi akija nimsomee cheti?

Kisha akafungua sanduku la magazini, ile nyumba ya risasi inayochomekwa chini ya bunduki. Zilikuwa za aina mbili, fupi na ndefu. Ndefu inabeba mara mbili ya fupi. Tukaambiwa kila mtu achague anayoiweza. Okwi, jirani yangu na adui yangu wa miaka mingi, akachukua fupi. Mimi ndefu. Nikamuuliza kama ameishiwa nguvu. Akajibu kwamba bunduki si mkungu wa ndizi.

Jioni tukakutana tena kwenye chungu cha ajono, pombe yetu ya wimbi. Nikamwonyesha mirija yetu. Mwenye mrija mrefu anakaa kwenye kiti chake, ameegemea, anavuta pombe kutoka mbali. Mwenye mfupi anainama juu ya chungu kama kuku anayekunywa maji. Ndivyo ilivyo hata kwa magazini. Wazee wakacheka, wakasema mimi Olinga nilikosa tu shule. Okwi akainamia mrija wake. Nilijua nimemmaliza.

Jumanne, 11 Machi

Zamu ya kulinda malori Malaba. Foleni imefika mbali, madereva wanapika ugali chini ya trela. Nilipita polepole ili kila mtu aione magazini. Tanboi mmoja, msaidizi wa dereva, akauliza, mzee, hiyo ni pembe ya ng'ombe ama? Nikamwambia ni kwa ajili ya vijana wenye midomo mirefu.

Inavuta bega. Sikujua risasi zina uzito hivi zikiwa kundi. Kufika saa nne nilikuwa nimeinama upande mmoja kama nyumba ya mjane. Tena inanasa. Imenasa kwenye kamba ya turubai, imenasa kwenye kikapu cha mama wa samaki, omena zikamwagika barabarani. Mama huyo ametoka ng'ambo ya mpaka, Uganda, ana matusi ya Kiganda na ya Kiswahili, akanipa yote mawili. Nikaokota omena nikiwa na bunduki mgongoni. Afande mzima.

Okwi alipita na fupi yake, amenyooka kama kijana anayekwenda kuposa. Akanisalimia vizuri sana. Hilo ndilo liliniuma.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaribu kulala kifudifudi uani, maana Ijumaa tutapiga tukiwa tumelala. Risasi nimezitoa, mimi si mjinga.

Kuna tatizo. Magazini inagusa chini kabla yangu. Mdomo wa bunduki unaangalia juu, unatafuta ndege. Ili nione shabaha lazima nijiinue kwa viwiko, kichwa juu, kiuno chini, natetemeka kama mjusi anayeota jua. Mke wangu Amongin akatoka jikoni, akauliza kama nimeanguka au nimeokoka. Nikamwambia ni mazoezi. Akasema basi nifanyie mazoezi mbali na mihogo yake, nimeilalia.

Amongin akaniuliza kwa nini nisiende kubadilisha nichukue fupi. Nikamweleza kwamba mwanaume akishachagua mbele ya watu amechagua. Akasema ndiyo maana bado nina ile baiskeli isiyo na breki.

Lakini usiku kabla ya kulala nikapata akili. Kama magazini ni ndefu kuliko nafasi, si magazini inayopunguzwa. Ni ardhi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwenye shimo linalochimbwa murram ya barabara, ambako tutapiga shabaha. Hakukuwa na mtu. Nikachagua mahali pazuri, mwisho kabisa upande wa kushoto, nikachimba kashimo. Kamekaa sawa na magazini yangu. Nikalala, nikaiingiza, nikatulia kama mtoto kwenye mbeleko. Mdomo wa bunduki ulinyooka kabisa. Nilijisikia kama injinia.

Nikiwa nafunika kashimo kwa majani, Okwi huyo. Anatafuta mbuzi wake. Akauliza nafanya nini na jembe. Nikamwambia natafuta kumbikumbi, mvua iko karibu. Nilidhani ataondoka. Akaketi. Akasema kumbikumbi ni watamu, atangoja na mimi.

Tukangoja. Hakuna kumbikumbi aliyekuja, maana hapakuwa na kichuguu. Okwi akalitazama jembe langu. Akaanza kunieleza magazini yake, sikumwuliza. Akasema hata fupi ina ubaya wake, inaisha haraka, na mtu akiwa ameshambuliwa na kundi ataona dunia ndogo akibadilisha. Ndiyo maana anafunga nyingine kiunoni. Lakini ni nyepesi, inamruhusu kulala chini kabisa, na mtu akijua zimebaki chache anapiga kwa heshima. Ndefu, akasema, ni ya mtu aliyekaa mahali pamoja na ana kitu cha kuegemeza bunduki. Sisi kazi yetu ni kutembea.

Nikamwambia ameongea vizuri kama katekista, na kama katekista, hakuna aliyemsikiliza. Akacheka, akaenda kutafuta mbuzi wake.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imenyesha usiku kucha.

Nilifika wa kwanza nikachukua mahali pangu. Majani bado yalikuwa yamefunika. Inspekta Nanjala akapuliza filimbi, tukalala. Nikaingiza magazini kwenye kashimo kwa madaha. Nikasikia chubwi.

Sikuweza kuitoa, watu wanaangalia. Nikajiambia risasi ni chuma, chuma hakiogopi maji. Tena ninazo nyingi. Ndiyo raha ya ndefu, huhesabu. Wakati Okwi anavuta pumzi, mimi nilimwaga. Nilipiga ukuta wa shimo, nikapiga tawi, nikapiga mahali ambapo sijui mpaka sasa. Kibao changu cha shabaha kilibaki safi kama shuka la mgeni. Halafu bunduki ikakohoa, ikanyamaza.

Inspekta akaja, akanisaidia kuinuka. Mkono wake laini lakini una nguvu. Akachomoa magazini, akaielekeza chini. Likatoka tope, kisha maji, kisha majani. Akauliza, mzee, hii umeipandia nini? Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi mwenyewe ningecheka, ila bunduki ilikuwa mkononi mwake.

Akasema pole, mzee Olinga, bunduki utairudisha leo.

Hapo ndipo Okwi alipoinuka. Kibao chake kimetoboka vizuri, hakuwa na haja ya kusema kitu. Akamwambia afande kwamba kosa si la macho ya mzee, ni la urefu. Apewe fupi, ajaribu tena, akishindwa na hiyo basi arudishe bunduki. Inspekta akatazama kibao cha Okwi, kisha changu. Akasema Jumatatu. Fupi za sanduku zimekwisha, akasema. Okwi akafungua ile ya kiunoni, akanipa.

Nimeichukua bila kumwangalia usoni.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda kutwa nasafisha tope. Liko kila mahali, hata kwenye springi ya ile ndefu. Nimetumia mswaki wa Amongin, sijamwambia.

Baada ya kanisa akaja kukaa karibu nami. Akauliza nitafanya nini wakiichukua bunduki. Nikamwambia nitapumzika. Akasema ananijua, sijui kupumzika, ninajua kulala tu. Ni kweli nimefikiri. Vijana wa kijiji cha Moding huniita afande. Ng'ombe akipotea, mlango unaogongwa ni wangu. Bila bunduki mimi ni mzee anayengoja chai, anayeulizwa kama amemeza dawa. Sikumwambia hayo. Lakini aliniletea chai, na hakuniuliza kama nimemeza dawa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda na fupi ya Okwi. Nyepesi mpaka nilishika mara kwa mara kuona kama ipo. Nikalala, tumbo likagusa murram, shavu likakaa kwenye kitako cha bunduki kama lilivyokaa miaka yote. Hakuna kilichonisukuma juu. Risasi chache. Kila moja niliionea huruma kabla ya kuiachia.

Inspekta alikwenda kwenye kibao, akatazama, akarudi na tabasamu alilojaribu kulificha. Akasema mzee, macho unayo, ila ulikuwa umeyabeba juu sana. Akaandika. Bunduki imebaki kwangu. Akanipa fupi nyingine iliyorudishwa na mzee wa Moding aliyeshindwa, akachukua ile ndefu.

Nimerudi kwa miguu nikipita njia ndefu ya sokoni. Salamu zilikuwa nyingi. Okwi alinipa mkono akasema afande. Nikamwambia shabaha nzuri inatokana na hewa ya asubuhi.

Jumanne, 18 Machi

Nimeamka na hesabu kichwani. Fupi moja imefanya maajabu yale yote. Je, mbili?

Nimechukua ya inspekta na ya Okwi, nimezilaza moja juu moja chini, nimezifunga pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Moja ikiisha nageuza tu. Sijui kwa nini jeshi zima halijawahi kufikiri hivi. Okwi alituma mtu aulize magazini yake. Nimesema bado naikausha.

Amongin ameipima kwa mkono. Amesema ni nzito kuliko ile ndefu, tena sasa ina mdomo mmoja unaotazama chini kumeza vumbi. Nimemweleza taratibu kwamba ile ilikuwa moja ndefu, na hii ni mbili fupi, na hayo ni mambo tofauti kabisa. Amenitazama, ameingia ndani.

Wanawake hawajui bunduki. Kesho naanza zamu ya Malaba. Nimeona mpira wa tyubu uliobaki unatosha kufunga ya tatu.