Mfalme Anahamia Morvanda

Habari aliileta Priska, mwanafunzi wa chuo, ambaye kijiwe kizima kinamwita Chaji kwa sababu hajafika hapo hata siku moja bila kuomba mahali pa kuchomeka simu. Aliwaamkia wazee wote kwa shikamoo moja ya jumla, akakaa kwenye ncha ya benchi, akasema mfalme ametangaza kuhama.

Swedi muuza kahawa alisimamisha birika hewani. Jina lake la kijiweni ni Msafara, kwa kuwa mababu zake waliingia mji huu na misafara ya pembe na chumvi, na yeye hakuachi umalize kikombe bila kukukumbusha. Akauliza mfalme gani, wa wapi, na anahama na nani.

Ikabidi Joel aeleze. Joel ndiye Pedi, mwenye kibanda cha gemu kinachotazamana na benchi la kahawa hapo nyuma ya soko la Majengo, na runinga yake ndiyo iliyowafanya watu wa kijiwe hicho wawe wataalamu wa kila jambo. Alisema kuna gemu mpya inakuja, ya majoka na mapanga, ambayo dunia nzima inaisubiri na kila mwaka inaahirishwa. Sasa wenyewe wametoa kionjo, kipande kifupi cha video. Ndani yake mfalme anauacha mji wa pwani alikozaliwa na kuhamishia kiti chake bara, kwenye mji uitwao Morvanda, penye ukame, upepo na milima ya mawe.

Stanley, dalali wa viwanja, anayeitwa Hati Safi, akasema polepole, "Hiyo ni Dodoma yetu."

Hakuna aliyebisha. Bartolomayo, aliyekuwa pembeni akipuliza kahawa yake, aliomba moyoni mazungumzo yaishie hapo, maana alijua yanakoelekea. Kijiweni hapo ukigusia tu habari ya serikali kuhama, lazima mwisho wa yote utamkanyaga yeye.

Jina lake yeye ni Kabla. Alikuwa na shamba la uwele upande wa Mtumba, urithi wa mama yake, pori pande zote, fisi wakipita mchana. Akaja mtu wa Dar na kofia ya jua, na Bartolomayo akamuuzia shamba kwa pikipiki na mbuzi wa sikukuu. Msimu uliofuata serikali ikatangaza kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli. Leo mahali mama yake alipokuwa akifukuza ndege pana jengo la vioo na walinzi, na Bartolomayo akipita huko huambiwa aongeze mwendo. Dalali wa biashara ile alikuwa Stanley huyuhuyu, lakini dalali hachekwi, anayechekwa ni muuzaji. Aliuza kabla, basi jina likamkaa Bartolomayo, na hata kanisani wapo wanaomwita hivyo bila kujua lilikotoka. Yeye hakuwahi kulizoea. Kila lilipotajwa aliinama kama anayetafuta kitu chini ya benchi.

Joel akawasha kionjo. Barabara pana mno, watu hakuna. Miche ya miti imezungushiwa miiba. Mbuzi wanajitembelea katikati ya njia na hakuna wa kuwaswaga. Swedi alisema hapo hapahitaji uchunguzi, ukiona mji una barabara kubwa kuliko watu wake ujue ni makao makuu. Priska akasema mashabiki huko mitandaoni hawalali kwa sababu ya jambo moja tu. Mwishoni mwa kionjo, jua linapozama, majoka yote ya Morvanda yanaruka kwa pamoja kuelekea baharini. Wapo wanaosema yanakimbia laana. Wengine wanasema vita imeanza. Kuna Mjapani ameandika maelezo marefu kuthibitisha kwamba yanakwenda kutaga.

"Ni Ijumaa," alisema Swedi.

"Ijumaa imefanyaje, babu?" aliuliza Priska.

"Hayo si majoka ya mfalme? Basi ni watumishi wake. Ijumaa jioni wanarudi pwani kwa familia zao. Wewe subiri Jumatatu, utayaona yanarudi saa nne yakisingizia upepo."

Kicheko kilifika hadi kwa wauza nyanya ng'ambo ya njia. Priska aliandika nadharia hiyo mtandaoni papo hapo, na baadaye akaripoti kwamba Mbrazili mmoja ameiona ina mashiko kuliko ile ya mayai. Joel alipolalamika kwamba gemu yenyewe wanaipiga kalenda tu, Swedi akamwambia aache utoto. Mji huu ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka sabini na tatu. Yeye alikua makao makuu yanakuja, akaoa yanakuja, akapata wajukuu ndipo yakafika, na hakuna siku aliyonuna.

Kilichogeuza soga kuwa kesi kilikuwa tangazo lililokuwa chini kabisa ya kionjo. Waliojiandikisha mapema wanapewa kiwanja kimoja bure ndani ya Morvanda, wakichague wenyewe kwenye ramani, mfalme akiwa bado hajasema ikulu itakaa wapi. Mwisho wa kuchagua ulikuwa jioni ileile. Joel alikuwa ameshajiandikisha, ila kuchagua kulimshinda, akasema yeye ni mtu wa kubonyeza tu, mambo ya ardhi kijiwe kiamue.

Ukimwambia mtu wa mji mwingine kwamba kuna kiwanja cha bure ndani ya runinga, atacheka na kuendelea na shughuli zake. Watu wa Dodoma walisogeza benchi. Kila mmoja pale alikuwa na kiwanja chake alichokikosa wakati kikiwa cha bei ya kuku, na hakuna aliyekuwa tayari kuchelewa mara ya pili, hata kama serikali yenyewe ni ya katuni.

Stanley aliokota kijiti akaenda kusimama kando ya runinga kama yuko saiti na wateja. Yeye alitaka kiwanja cha kona kinachotazama uwanja mkubwa, kwa hoja kwamba kona haijawahi kumwangusha mtu. Swedi alitaka langoni, misafara inakoingilia, kwa kuwa mwenye mlango ndiye mwenye mji, na hapo akaanza habari za mababu zake mpaka akakatizwa. Priska alikuwa upande wa mnara wa vitabu, sababu mashabiki wakongwe wote wako huko. Walisema kwa pamoja, kijiti kikatoka mkononi mwa Stanley kikaingia mkononi mwa Swedi, na ubishi ukawa wa nani ana haki ya kushika kijiti.

"Mimi ningechukua kule nyuma," alisema Bartolomayo, na yeye mwenyewe akashangaa kusikia sauti yake.

Kidole chake kilielekea nyuma ya mlima wa mawe, kwenye eneo la kahawia tupu lisilo na hata kichaka. Joel alibonyeza hapo. Runinga ikaonyesha kwamba katika dunia nzima hakuna mtu aliyechagua huko.

"Kule ni pori, ndugu yangu," alisema Stanley. "Hata fisi akifika kule anauliza njia ya kurudi."

"Ndiyo maana nakutaka. Mfalme akihama hajengi penye watu. Angetaka majirani angebaki kwao. Atapita mjini apungiwe mikono, halafu ataenda kufyeka pori na kuliita mjini." Bartolomayo alishusha kidole. "Nalijua pori la namna hiyo. Nilikuwa nalo."

Miaka yote ile hakuwahi kulitaja shamba lake kwa kinywa chake mwenyewe. Stanley ndiye aliyekuja juu. Alisimama, akakaa, akasimama tena, akasema kijiwe kinataka kutupa kiwanja jalalani kwa sababu ya machungu ya mtu mmoja, na kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hakuna aliyewahi kumwona akipinga kiwanja chochote kwa bidii namna ile.

Swedi ndiye aliyekata shauri. "Mwacheni achague. Ikulu ikiangukia upande wake, jina la Kabla tunalifuta, na atakayelitamka hanywi kahawa yangu. Ikiangukia kwingine hakuna hasara, jina tunalo tayari."

Wote wakakubali. Bartolomayo alitaka kusema aachwe, yeye alikuwa anachangia tu, lakini wazo la kuitwa tena kwa jina alilobatizwa lilimzidi nguvu. Akajikuta amesema sawa. Joel akabonyeza, na bendera ndogo nyekundu ikasimama porini peke yake.

Nyumbani alimsimulia mkewe, Emiliana, aliyekuwa anapika mlenda. Emiliana aliuliza kama kiwanja hicho kinalimika. Alipojibiwa kwamba kimo ndani ya runinga, akasema afadhali, hicho basi hakuna atakayekuja kumdanganya akiuze.

Mnunuzi alikuja wiki ileile. Joel alitoka kibandani mbio na pedi ya kuchezea mkononi, akasema kuna ujumbe wa Kiingereza umeingia kwenye akaunti yake ya gemu, unamhusu mwenye kiwanja cha porini. Mtumaji anajiita Lodi Haraldi, mtu wa Norwe. Priska akachomoa simu yake kwenye chaji, jambo ambalo hulifanya kwa dharura tu, akaenda kusimama mbele ya runinga.

"Anataka mbadilishane, mzee," alisema. "Umpe kile cha porini, yeye akupe chake cha mtoni, na juu yake farasi mweupe mwenye tandiko."

Joel alieleza kwamba katika gemu ile kubadilishana kunaruhusiwa, na farasi mweupe si mchezo, watu watamtafuta mpaka macho yawaume. Benchi zima likamgeukia Bartolomayo. Aliona haya, kwa sababu alikuwa anamtaka farasi. Alikuwa ameshajiona juu yake, anaingia Morvanda kwa lango kuu, na watu wanampisha. Hata pikipiki ile ilimponza hivyohivyo, aliisikia ikinguruma kichwani kabla mtu hajaiwasha. Stanley akamwambia kwa upole kwamba bahati haibishi hodi mara mbili, na kwamba yeye angekuwa ndiye, saa hizi farasi yuko zizini.

"Huyo Lodi anasemaje hasa?" aliuliza Bartolomayo. "Nisomee kama alivyoandika, mwanangu. Usinifupishie."

Priska akatafsiri neno kwa neno. "Anasema kiwanja chake kimepimwa, hakina mgogoro, kinafaa kwa makazi na biashara. Maji na umeme vipo jirani. Anakiachia haraka kwa sababu mwenyewe anasafiri."

"Umeme?" Joel alikunja uso. "Morvanda hakuna umeme. Kule ni mienge."

Swedi akaweka birika chini taratibu. "Huyu Mnorwe kwao ni hapo Chamwino tu."

Watu wakaangua kicheko, ila Bartolomayo hakucheka. Maneno yale aliyajua kwa mpangilio wake. Aliyasikia akiwa amesimama kwenye mpaka wa shamba la mama yake, Stanley akimwambia yule wa kofia kwamba halina mgogoro, maji na umeme vipo jirani, wakati umeme wa karibu ulikuwa safari ya baiskeli. Siku ile aliona fahari shamba lake kusifiwa namna ile. Akageuka. Stanley alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kilichokwisha kahawa zamani.

"Stanley."

"Udalali ni ugonjwa, ndugu yangu," alisema Stanley bila kuinua uso.

Akamwaga yote. Asubuhi ya siku ile ya ubishi alikuwa ameshaliona lile tangazo na kujiandikisha kwa simu yake, kwa siri, akachagua cha mtoni. Bartolomayo alipoeleza namna wafalme wanavyohama, maneno yalimwingia mpaka mifupani, akajua amekosea, na kila mtu anapewa nafasi moja tu. Ndiyo maana alipinga vile. Alitaka pori libaki wazi mpaka apate njia.

"Na farasi?" aliuliza Joel. "Umempata wapi farasi mweupe?"

"Sina. Ningemtafuta wewe ukishakubali."

Kicheko kilichofuata kilimpaliza Swedi kahawa yake mwenyewe. Lakini Bartolomayo alikuwa bado anamtazama Stanley, na alipoongea aliongea kwa sauti ndogo, wengine wakalazimika kusogea ili wasikie.

"Kwa hiyo hili pori umeniamini. Na lile la Mtumba, wewe ulikuwa unajua?"

Ni swali alilolibeba tangu siku majengo yalipoanza kuota kule. Hakuwahi kuliuliza kwa kuogopa jibu. Stanley aliweka kikombe kwenye benchi.

"Sikujua," alisema.

"Kweli?"

"Ningejua, ningelinunua mwenyewe."

Bartolomayo aliligeuza jibu hilo huku na huku, akaona halina kasoro. Miaka yote aliamini kwamba kulikuwa na watu wanaojua, mji mzima labda, na mjinga alikuwa yeye peke yake. Kumbe dalali mwenyewe alisimama kwenye udongo uleule, akautazama, na akaondoka na ujira wake wa udalali akidhani ndiye mjanja. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, mpaka benchi likatikisika na Priska akahamisha simu yake.

Swedi alitangaza kwamba kesi imekwisha bila kusubiri ikulu, na kwamba kuanzia leo jina la Kabla linahamia kwa Stanley, ambaye naye aliuza pori lile pasipo kujua, tena pori la mwenzake. Stanley alijaribu kukata rufaa, lakini hakupata hata shahidi mmoja. Joel akauliza basi huyo Lodi Haraldi ajibiwe nini, maana si vizuri mtu wa Norwe kukaa bila majibu.

"Mwandikie mwenye kiwanja amesafiri," alisema Bartolomayo.

Joel akaandika, akatuma. Simu ya Stanley ikalia mfukoni. Kwa mazoea ya kazi akaitoa, akausoma ujumbe mpaka mwisho, akainua uso.

"Anarudi lini?"