Bomba la Maji ya Moto Linalonichafulia Jina Mbele ya Wakwe

Kasulu, Jumatano

Kwa Ndugu Afisa Godson, mwanangu wa kwanza,
Kibondo.

Salamu kutoka nyumbani. Kiwiliwili kizima, heshima ndiyo inayoumwa, na ndiyo imenishikisha kalamu.

Ule mtambo wa kupasha maji kwa jua uliotuwekea juu ya bati, ukaupiga picha na kuwarushia ndugu wote, una hewa kwenye bomba. Mama yako Generosa akifungulia maji ya moto bafuni, bomba linakohoa, linanyamaza, kisha linatoa mlio ambao mtu mzima huuombea radhi. Na bafu hilo, kama ulivyolichora mwenyewe, limepakana na sebule, nyuma kabisa ya kiti changu. Kwa hiyo nalalamika:

1. Katekista Tharsisi alikuja kutuombea. Kabla hatujasema amina, bomba likatangulia. Siku hizi akija anakaa dirishani.

2. Wakwe wa Manyovu walikuja kumposa mdogo wako Herieth. Tumefika mbuzi wa tatu, likalia. Mzee Ndihokubwayo, msemaji wao, akainuka: "Mkwe, kama mbuzi watatu hawatoshi, si useme kwa mdomo?" Wakaondoka. Wanarudi Jumamosi, na wamesema likilia tena hawarudi. Herieth ananipa chakula kanigeuzia mgongo.

3. Fundi Mulenda, yule Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, kalipapasa bomba lote. Anasema linapanda juu ya mlango halafu linashuka, basi hewa inajikusanya pale juu, haina pa kutokea. Nikamwambia lilipitishwa huko kwa amri yako, lisije likaharibu vigae. Hongera. Vigae vizima, aliyeharibika ni baba yako.

4. Kwa kuwa una ofisi na mhuri, naomba barua ya serikali, nakala kwa wakwe, kuthibitisha kwamba hewa yote inayosikika nyumbani kwangu, iliyopita na itakayokuja, ni mali ya bomba.

5. Ukishindwa, njoo Jumamosi ukikalie wewe hicho kiti.

Msalimie mkeo Deborah, wajukuu, na wakubwa zako wote wa ofisini wanaodhani umelelewa vizuri.

Ni mimi ninayesingiziwa,
Baba yako mzazi, Kasian
(darasa la nne, sikumaliza)

N.B. Barua imechelewa kuondoka, leo Jumapili. Mulenda aliunga mpira kutoka bomba la baridi hadi la moto, akafungulia yote mawili, maji yakaisukuma hewa yote mpaka kwenye tangi. Bomba kimya. Jana wakwe wamekuja, mama yako kapika maharage, mbuzi tumekubaliana. Tunapeana mikono, mlio ukatoka. Mzee Ndihokubwayo akacheka: "Bomba lenu tumeshalizoea." Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mulenda, aliyekuwa anakula nasi, akaruka juu: "Hapana, papa! Bomba iko muzima, hewa yote nilishaitoa!"

Harusi ni mwezi ujao. Tafadhali mlete yule fundi wako wa kwanza airudishe hewa haraka.