Kuja Utoe Bahari Yako mu Salon Yangu

Lubumbashi, Bel-Air, Jumamosi, siku ya posho, asubuhi

Kwa Bwana Président ya Comité ya Bahari ya Jamaa,
Kambove

Bwana Président, mutoto yangu Israël Kalaba,

Uso yako nimeisahau. Siko nachekesha. Juzi mwanaume mumoja alipiga hodi, mwenye mabega kama yako, nikakimbia na hii miguu yangu unayoijua, kumbe ni ule wa kuuza makala ya kupikia. Nikamununua mifuko mbili juu ya aibu. Miezi kumi na moja! Kambove haiko Ulaya. Ni masaa tatu ya barabara, na bantu ya Kambove banakuja huku kila juma kununua viatu, banarudia. Weye tu njo barabara yako inakwenda bila kurudia.

Ninakuandikia juu telefone imenishinda. Nikikuita, unaniuliza: Mama, maji iko na degré ngapi? Pompe inalia muzuri? Samaki zimekula? Kiisha réseau inakatika mbele ya kuniuliza kama miye nimekula. Barua haikatike réseau. Utaisoma mupaka chini.

Kalamu sikufunzwa kuishika, unajua. Miye ninasema, na Mama Léonie wa nyumba ya pili, aliyekuwa secrétaire mu bureau miaka makumi mbili na nane, njo anaandika. Nimemukataza kurembesha. Pale utakapoona "kwa heshima kubwa," ujue ni yeye, haiko miye.

Ninaanza na kukukumbusha. Siku ulileta ile sanduku ya vioo, ulituita wote mu salon. Ukasema, hii ni bahari, ni kazi ya kufurahisha jamaa, kila mumoja atakuwa na mukono yake ndani. Ukafanya comité: weye Président, bibi yako Christiane trésorière, batoto Kiki na Mapalo ba membres, na miye conseillère, mwenye kutoa shauri. Tukapiga mikono. Kiisha kompani ikakuita Kambove. Président akaenda, trésorière akaenda, ba membres bakaenda. Ukasema: Mama, chunga tu miezi mbili, maji itamwangika mu barabara. Sasa comité nzima ni conseillère peke yake, na hakuna hata muntu wa kumupa conseil.

Malalamiko njo hii.

1. Makelele. Bahari yako hailale. Nilikomalisha batoto saba mu hii nyumba, makelele ninaijua, lakini mutoto anachokaka. Pompe haichoke. Na courant ya umeme ikikatika, inanyamaza, njo inakuwa mbaya zaidi, juu samaki zinakosa mupepo. Ulinionesha kukoroga maji. Ninakoroga na mwiko ya kusonga bukari ya unga, kila mara nikihesabu mupaka mia, ninapumzika, ninaanza tena. Mwiko ile sasa ni mali ya bahari. Bukari ninaisonga na kijiko ya mboga, inatoka na mabonge, na bageni banaangaliana. Banafikiri nimezeeka.

2. Macho. Samaki yako zinakula kamba ndogo za frigo. Miye ninakula tomsoni, samaki ya soko. Juu ya ile silalamike. Lakini kaanga tomsoni mu hii nyumba uone. Zote tisa zinakuja ku kioo, zinasimama mustari, zinaniangalia. Weye mwenyewe ulinieleza tomsoni inatokaka mu maji ya chumvi. Pengine ni ndugu yabo, miye nitajuaje? Nilianza kukula nikigeuza mugongo. Kiisha nikahamia ku baraza ya nyuma. Sasa samaki nimeikataza mu nyumba yote. Mujomba yako Chanda alikuja na sombe yake, majani ya muhogo na samaki ndani, nikamukulisha inje, mvua inanyesha. Amenuna mupaka leo.

3. Shaba. Ulisema maji ya bomba ya robinet hapana, ya kisima hapana, juu ya shaba. Ulisema shaba kidogo, hata ile jicho haione, inaua zile kamba hai na yale matumbawe, ile mawe inayofunguka kama maua. Bon. Baba yako alifanya kazi ya shaba mupaka mapafu yake ikakataa. Hii nyumba ni shaba. Ule muziki ya ndoa yako, tarumbeta zote, ilikuwa shaba. Weye uko kule Kambove unatoa shaba mu udongo juu ya kununua chumvi ya samaki zisizotaka kusikia harufu ya shaba. Mashine ya kuchuja maji inatoa tone kwa tone, kama machozi ya mujane wa kuigiza. Ninangoja. Na ile bangili ya shaba ya mama yangu, niliyovaa tangu siku niliolewa, nimeivua, juu ni huu mukono unaoingia mu maji. Iko mu kabati, mu soksi. Baba yako mwenyewe hakuwahi kunivua ile.

4. Sasa fungua masikio. Taa ya buluu. Kuanzia saa kumi na mbili ya mangaribi dirisha yangu inawaka buluu mupaka ku barabara. Unajua bantu ya hapa. Kila muntu alikomalia, tangu utoto, mu nyumba yenye picha ya mamba muntu ku ukuta, ule mwanamuke wa nusu samaki anayeleta utajiri, kiisha anadai umupe muntu mumoja wa jamaa. Sasa bantu banapita, banaona taa ya buluu, maji ya chumvi, na mujane anasemezana na maji. Hesabu ya ile haikawie. Banauliza tu: mu hii nyumba nani hajaonekana?

Weye, Israël. Weye njo haujaonekana.

Avenue yote banasema Mama Bwalya alimutoa mutoto yake kwa mamba muntu. Ku kilio, kati ya bamama tunaimba pamoja ku kanisa, nilikaa, benchi ikabaki tupu upande zote mbili. Niliwaambia eko Kambove, eko na kazi. Mumoja akanijibu, ee, njo vile banasemaka wote.

Aliyesema ya kwanza ni Mama Léonie, huyu anayeandika. Andika, Léonie. Ninangoja. Usiruke.

Ameandika.

5. Pasteur. Ni Léonie tena aliyemuita, kwa upendo, anasema. Pasteur alikuja na bantu ine, baliomba masaa mbili, niliwapikia, sikuona mubaya. Nilikuwa mu jiko ninatoa chai. Kurudi, nakuta amemwanga chupa nzima ya mafuta ya baraka mu bahari. Ile ya zeituni. Muzuri kabisa, ya kupakaa bagonjwa. Juu ya maji ikafanya ngozi. Ile chombo yako ya kutoa povu ikanyamaza, haikutoa hata tone. Nilimushika Pasteur ku shati, Israël, ninakiri, na kifungo moja ilitoka, niko nayo. Kiisha nikatoa mafuta vile ninatoaka mafuta juu ya muchuzi: karatasi inalala juu, inakunywa, unaitoa, unaweka ingine. Rulo sita za karatasi ya choo. Léonie alinisaidia, akilia. Nilipiga magoti mbele ya bahari yako asubuhi mbili, na bale bapita-njia ku dirisha bakasema sasa tumeona na macho yetu, anaisujudia.

6. Kifo. Siku tatu kiisha mafuta, ule mukubwa wa zile samaki mbili za rangi ya machungwa, mama ya nyumba, akakufa. Nilimuzika chini ya muti wa mapapai. Bwana yake akabaki. Mudogo, mupole, hakuwahi kusema neno. Juma mbili, akaanza kunenepa. Juma tano, anafukuza benzake, anachagua pa kulala, anapanga mawe. Nikafikiri ni ile mafuta. Christiane akanieleza ku telefone: Mama, ni asili yabo, mama akikufa, baba anageuka anakuwa mama. Akafikiri nitashangaa. Baba yako alipokufa, miye niligeuka baba. Nilipanda ku mabati na nyundo, nilibishana na mafundi, niliwaozesha dada zako batatu. Hakuna muntu aliyeniweka mu sanduku ya kioo na taa ya buluu juu bantu bashangae.

Kwa ile yote, ninaomba, na haiko ombi:

Kuja uondoe bahari yako mu nyumba yangu. Weye mwenyewe, haiko chauffeur, haiko kaka ya chauffeur. Leta camion, leta madumu, leta bantu ya kubeba. Kama maji itamwangika mu barabara, imwangike, Likasi ya mu njia nayo ipate bahari. Na mbele ya kupakia, utashuka mwanzo ya avenue na mchana, utatembea na miguu mupaka mwisho, pole pole, bila kofia. Utasalimia kila nyumba na jina yao. Wenye kutaka kukugusa, uache bakuguse. Ku mwisho utapita kwa Pasteur, umurudishie kifungo yake. Kama hauwezi, basi jiuzulu, uniachie kiti ya Président, juu kazi niko naifanya.

Tafadhali upokee, Bwana Président, kwa heshima kubwa na unyenyekevu wote, salamu za conseillère wako mwaminifu. (Ile ni Léonie. Nimeiacha, juu ameandika mupaka mukono unamuuma.)

Salimia Christiane, mwambie kamba za frigo zilifika. Salimia Kiki, akate nywele. Salimia Mapalo wangu, na bosi yako aliyekunyima ruhusa, naye musalimie, lakini kidogo. Mujomba yako Chanda anakusalimia, hata kama amenuna. Léonie anaomba umusamehe. Miye nilisha kumusamehe. Anakuja kila asubuhi kukoroga.

Mama yako,
Bwalya
(alama ya kidole gumba)

N.B. Léonie alikuwa anafunga bahasha, nimemurudisha. Ile maneno ya camion, iache. Nimeangalia pale bahari itatoka, kutabaki ukuta tupu, na miye nitasemezana na ukuta? Ukija na camion, utarudia nayo tupu. Kuja na mifuko mbili ya chumvi yabo, ya kwetu ya jiko haifai. Ulimi yangu inaniambia maji imepungua chumvi, na ile chombo yako ya kuchungulia chumvi njo inasema vile vile, nayo inachelewaka. Na utafutie huyu mujane wa rangi ya machungwa mwenzake mudogo, mupole. Hii nyumba ni kubwa kwa mwanamuke wa peke yake.

Kutembea mu avenue, ile haibadilike. Ukifika, viatu ya mine, yenye vumbi ya shaba, uache inje. Ku ndoo ya baraza unawe mikono mupaka kiwiko juu ya shaba, na bila sabuni. Kiisha ingia, usitupe jicho ku kioo. Salimia miye kwanza. Uniulize kama nimekula. Juu ya bale samaki, nitakuambia mwenyewe: balikula.