Jiwe Lililokutwa Mfukoni mwa Kaka

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi wa pili tangu mgodi umfukie kaka. Leo shemeji kanionyesha jiwe walilolikuta mfukoni mwake. Nene kama kidole gumba, rangi ya chai iliyolala. Nikamwambia mawe ya aina hii yakipikwa hugeuka buluu. Akasema kwanza alione mkata vito. Haniamini! Mimi, damu ya mumewe!

Jumanne, 5 Machi
Mkata vito kalimulika kwa kurunzi. Upande huu kahawia. Akiligeuza, zambarau kwa mbali. Moyo paa! Kisha akatuonyesha ufa ndani, mwembamba kama unyoya, na kitone cha maji. Akaonya lisiguswe na moto: maji yatachemka, litapasuka. Liuzwe lilivyo, shemeji ataezeka nyumba. Shemeji akashukuru. Wivu wa fundi tu! Anataka alipike yeye.

Jumatano, 6 Machi
Nimeliomba nikalipime uzito. Shemeji kaniangalia sana. "Shem, watoto hawana kingine cha baba yao." Nikaapa kwa kaburi la kaka.
Nikaenda moja kwa moja kwa mhunzi. Jiwe ndani ya kopo la mchanga, kopo kwenye makaa. Mhunzi akasema moto upande taratibu. Taratibu mpaka lini? Nikavuta mivukuto mwenyewe. Ta! Kama mtu kavunjwa kidole.
Lakini buluu! Buluu ya kumtoa mtu machozi. Vipande vitatu.

Ijumaa, 8 Machi
Gundi imeshika. Hata mimi nimeusahau ufa. Nikampelekea mnunuzi. Akafunga pazia, akawasha taa ndogo ya mwanga wa zambarau. Gundi yote ikang'aa, mistari myeupe kama kovu. Akalisukuma kwa ncha ya kalamu, kama mende mfu.
Kugeuka, shemeji yuko mlangoni. Kumbe alinifuata! Hakulia. Aliokota jiwe, akalifunga kwenye ncha ya mtandio, akatoka.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji karudi kwao na watoto. Yule mdogo aliuliza kama baba mdogo naye anakuja. Mama ananiwekea sahani, anageukia ukutani.
Nimejitafakari siku nzima. Kosa nimeliona: mchanga ulikuwa na unyevu.
Mama kavua pete ya ndoa aoshe vyombo. Kijiwe chake kimepauka, masikini. Nitamfurahisha. Safari hii nitavuta mivukuto polepole.